Hoteli ya Raskazone iliyojenga rampu baada ya video: samaki safi, choo bado

Jamani mliokuwa mnaniuliza ile hoteli ya kule Raskazone hapa Tanga, ile ya video iliyozunguka kwenye magrupu ya Wasap, nimeenda juzi na mdogo wangu wa kike anayetumia kiti mwendo. Changu wa kupaka mtamu, nazi nzito, wali umechambuka, kwenye msosi sina neno kabisa.

Sasa rampu. Kwenye ile video dada mmoja wa kiti mwendo alikwama chini ya ngazi za hoteli, wahudumu wakataka kumbeba msobemsobe mbele za watu, akakataa. Saa hizi pana njia ya zege, ndefu, haijasimama kama ukuta, wamefuata ile kanuni ya kila inchi moja ya kimo unaipa inchi 12 za mserereko, pembeni bomba la kushikilia, mdogo wangu kapanda mwenyewe mimi nyuma sijagusa kitu. Hiyo ni kazi ya ile video ya simu, msibishe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inataka majengo ya umma yafikike, lakini zile ngazi hazikumshtua mtu mpaka watu walipoanza kushea.

Ila choo! Kiti kinataka mlango wa sentimita 80 hivi, ule wa pale mwembamba, gurudumu linagonga fremu huku na huku, mdogo wangu kajaribu kuingia kwa pembeni wapi, kaacha juisi ya ukwaju nusu akaniambia dada twende nyumbani. Iliniuma sana. Choo hakikuwemo kwenye video ndo maana hakijaguswa, wametengeneza kile tu watu walichokiona. Na komenti zenyewe mkizisoma ni "masikini dada wa watu", "Mungu amsaidie", wanaouliza sheria inasemaje wa kutafuta. Kina Alice Wong, mwanaharakati mwenye ulemavu, kule Marekani 2016 walipoanzisha kampeni ya mtandaoni ya #CripTheVote hawakuomba huruma ya mtu, walitaka wagombea waseme watawafanyia nini watu wenye ulemavu, na mimi hivyo ndo nataka tufanye hapa Tanga.

Meneja nimeongea naye, kijana mstaarabu, kasema atamwambia tajiri. Kwa sasa kama una mtu wa kiti mwendo chukueni tekawei mkale nyumbani. Na mtakaoenda, bebeni futi, pimeni ule mlango, mkiposti andikeni upana wake na mumtagi mwenye hoteli, hayo ya masikini tuyaache.