Sabuni na dawa za kusafishia brashi za kuchorea: ipi ununue kwanza

Ukitaka kujua kama brashi imekufa, ibane kwa vidole viwili pale nywele zinapoingia kwenye pete ya chuma. Zikiwa ngumu kama kijiti, rangi imeshakaukia humo ndani. Hapo ndipo nywele huanza kutanuka na ncha kugawanyika mapande mawili. Nimepoteza hivyo brashi ya kolinski, ile ya nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, na hadi leo inaniuma, maana kila jioni nilikuwa nikiisuuza kwa maji nikiamini inatosha.

Kwa hiyo ninavipanga vitu hivi kwa maswali mawili tu: je, kinaitoa rangi iliyojificha shingoni, pale nywele zinapoingia kwenye pete? Na je, kinaziacha nywele zikiwa laini?

1. Sabuni ya brashi ya kopo

Hii ndiyo ya kununua kwanza. Huuzwa ikiwa imeganda ndani ya kopo, na inayojulikana zaidi ni The Masters ya kampuni ya General Pencil ya Marekani. Lowesha brashi kwa maji ya vuguvugu, izungushe taratibu juu ya sabuni, kisha isugue kwenye kiganja. Angalia povu. Brashi uliyodhani ni safi, maji ya mtungini hayachafuki tena, itatoa povu la buluu au jekundu kutoka shingoni. Suuza, rudia. Mimi huenda mara tatu, wakati mwingine tano, hadi povu liwe jeupe kabisa.

Mwisho paka sabuni kidogo, chonga ncha kwa vidole ikae inavyotakiwa, laza brashi ikauke na sabuni hiyohiyo. Utaisuuza siku ya kuitumia. Inafaa kwa akriliki (rangi yenye chembe za plastiki), rangi za maji na hata rangi za mafuta, mradi umeifuta brashi vizuri kwanza. Kopo moja hukaa muda mrefu sana, kwa hiyo usiogope bei yake.

2. Sabuni ya kipande ya kawaida

Kama ndiyo unaanza na brashi zako ni za nailoni, kipande cha sabuni laini kinakutosha, na namna ya kuosha ni ileile. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo husafisha, hasa rangi ya mafuta, ila kazi yake ni kukata mafuta na haichagui: nywele za asili huzikausha kama inavyokausha nywele za kichwani. Kwa brashi za kolinski nisingeizoea.

3. Dawa ya chupa ya kufufua brashi

Mfano ni Brush Cleaner & Restorer ya Winsor & Newton. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ni ya dharura, lakini ikihitajika hakuna sabuni inayoishika. Rangi ya akriliki ikishapoteza maji yake, chembe za plastiki zilizomo hushikana na kuwa utando ambao maji hayawezi kuuyeyusha tena. Ukiiloweka brashi majini usiku kucha utavimbisha mpini tu, vanishi ibanduke na pete ilegee. Dawa hii hulainisha utando wenyewe. Mimina kidogo kwenye chombo cha glasi, ning'iniza brashi nywele peke yake ziguse, mpini usiguse kabisa, maana rangi yake itatoka pia. Baada ya saa kadhaa malizia kwa sabuni.

4. Spiriti

Nayo hulegeza akriliki iliyokauka, na kwa brashi ya nailoni inasaidia. Nywele za asili huzinyang'anya mafuta yake, kwa hiyo zichovye kwa muda mfupi tu, kisha sabuni papo hapo.

5. Tapentaini na thina

Nunua tapentaini ikiwa tu unachora kwa rangi za mafuta, na fungua madirisha. Thina kali za rangi za magari ziache: huweza kuharibu nyuzi za nailoni pamoja na gundi iliyo ndani ya pete. Na hili nalisema kwa msisitizo: kitambaa chenye mafuta ya kitani, yale yanayochanganywa kwenye rangi za mafuta, kikikunjwa na kutupwa kwenye kona huweza kujichemsha chenyewe hadi kikawaka moto. Kitandaze nje kikauke.

Pesa ikibaki, tafuta mtungi wa maji wenye matuta chini, unaosaidia kutoa rangi bila kuziponda nywele. Vile vifuniko vya plastiki vya ncha vinavyokuja na brashi vitunze, lakini usivivishe brashi ikiwa mbichi. Unyevu ukifungiwa humo nywele za asili huoza.

Ncha ya nailoni ikijikunja kama ndoana, hakuna dawa ya kununua. Chovya ncha tu kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, bila kufika kwenye pete kwani moto hulegeza gundi, kisha inyooshe kwa vidole. Mara nyingi hurudi, ingawa baada ya wiki kadhaa itajikunja tena.