Kanda ya Roxette kwenye flashi: huduma niliyoipata Darajani na ubishi wa saa nzima

Kanda yenyewe ni ya dakika 60, plastiki nyeusi, na kwenye karatasi yake kaka yangu aliandika kwa bik ya buluu ROKSETI, kwa herufi kubwa, kama jina la Roxette, wale waimbaji wawili wa Sweden, lilivyomwingia masikioni. Aliirikodisha 1992. Wakati ule ulikuwa unampelekea mwenye duka la kurikodi kanda tupu na orodha ya nyimbo unazozitaka, unarudi baada ya siku mbili unaikuta tayari. Kaka alipohamia Wete, Pemba, akaniachia, na miaka yote imekaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la mama, Kikwajuni. Mwezi uliopita nilipoifungua nikakuta ukungu mweupe umetambaa ukingoni mwa utepe. Unyevu wetu huu na chumvi ya bahari, nilishukuru kwamba hata utepe wenyewe upo.

Nayaandika haya kwa wenzangu wenye makopo kama lile majumbani mwao, wanaojiuliza kama inafaa kulipa shilingi 10,000 kwa kanda moja kuhamishiwa kwenye flashi. Mimi nasema inafaa, ila lipo jambo moja mlisimamie tangu mwanzo, nitalieleza.

Fundi ni kijana mdogo, duka lake liko Darajani, mjini Unguja, upana wa mlango mmoja, ana deki mbili kuukuu, kompyuta na viti vitatu vya plastiki kwa wanaosubiri. Nilitegemea ataitumbukiza kanda na kubonyeza tu. Hakufanya hivyo. Alifungua skrubu tano za ganda, moja moja, akazipanga juu ya kifuniko cha chupa. Ndani akakuta kile kisponji kidogo kinachoubana utepe kwenye kichwa cha deki kimebanduka, akakitoa kingine kwenye kanda mbovu aliyonayo akakigandisha. Akafuta ukungu, akasugua kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti, na pamba ikatoka rangi ya kahawia. Halafu akashika bisibisi nyembamba, akawa anakigeuza kiskrubu kilichoko ubavuni mwa kichwa, kidogo kidogo, sikio amelilaza kwenye spika. Nilisikia kwa masikio yangu matoazi yanavyotoka gizani.

"Mama, deki iliyorikodi hii kichwa chake kilikaa upande," akaniambia. "Ningeipiga hivi hivi ungesikia kama mtu anaimba amejifunika shuka."

Kwa kazi hiyo peke yake nampa alama zote.

Sasa, kanda haiharakishwi. Ya dakika 60 inataka dakika 60, ipigwe kuanzia mwanzo hadi mwisho huku kompyuta inapokea. Kwa hiyo tulikaa. Nilikuwa mimi, mzee mmoja aliyekuja na mfuko wa kanda za taarab, na binti wa chuo aliyeleta simu yake ibadilishwe kioo. Na ubishi aliuanza fundi mwenyewe, baada ya wimbo wa pili.

Alisema hizi ni nyimbo za mahotelini, kule Nungwi bendi zinazipiga wageni wakiwa wanakula pweza, na kwamba bila ya ile filamu ya Pretty Woman ya 1990 hakuna mtu ambaye leo angewajua Roxette. Kwa maoni yake watu wa umri wangu tunaupenda ujana wetu, muziki tunausingizia tu.

Hilo la filamu nimelisikia mara nyingi na linanikera, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Ni kweli It Must Have Been Love uliingia duniani kwa mgongo wa filamu ile, ukafika namba moja Marekani Juni 1990. Lakini wimbo ulikuwepo tangu 1987. Waliutoa kwao Sweden ukiwa wimbo wa Krismasi, na ulipotakiwa kwenye filamu Per Gessle, mmoja wa wale wawili, alilibadilisha neno la Krismasi akaweka la majira ya baridi. Na kabla ya filamu walikwishafika namba moja mara mbili mwaka 1989, kwa The Look na kwa Listen to Your Heart, kisha wakaja tena na Joyride mwaka 1991. Nyimbo hizo tatu hazikubebwa na filamu yoyote.

Na ile The Look ilivyofika Marekani ni kisa ambacho ningependa kila anayesema "walibahatika" akisikie. Kampuni ya Kimarekani ilikuwa haijawataka. Mwanafunzi mmoja wa Minneapolis alikwenda kusoma Sweden, akarudi kwao na albamu ya Look Sharp!, akaipeleka kwenye redio ya mji na kuwashikilia waipige. Walipoipiga, simu zikaanza kuingia, na kutoka hapo wimbo ukasambaa. Yaani walitolewa na msikilizaji, mtu wa kawaida kama sisi tulioketi pale dukani.

Binti wa chuo akasema yeye Listen to Your Heart anaujua vizuri sana, ila si huu. Aliokulia nao ni ule wa DHT, wale wa Ubelgiji, uliovuma 2005. Alishangaa kusikia kwamba una mama yake. Tukamnyamazisha kidogo asikilize, na uliposhika kiitikio nikamwona anaimba kimya kimya, midomo tu. Fundi naye alimwona. Nilidhani ningepata ushindi hapo, lakini fundi akasema hiyo inathibitisha kuwa tuni ni nzuri, haithibitishi kuwa wale wawili wana lolote la pekee. Ni hoja ya maana, na sikuwa na jibu la haraka.

Jibu lilitoka kwa mzee. Alikuwa kimya muda wote, fimbo katikati ya magoti. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwanamke ndiye anayetunga?"

Nikamwambia hapana, Marie Fredriksson alitunga baadhi, lakini nyingi ni za yule mwanamme, Per, na yeye anaimba pia, na gitaa anapiga.

"Basi hiyo taarab," akasema. Akaeleza kwamba kwenye vikundi vyetu mtunzi wa shairi ni mmoja, wa tuni anaweza kuwa mwengine, na mwimbaji mwengine kabisa, na watu wakiinuka kutunza wanamtunza mwimbaji. "Lakini mtunzi mwenye akili anajua anamtungia nani. Shairi likimkosa mtu wake hulala."

Nimewasikiliza Roxette zaidi ya miaka 30 na sijawahi kuliona hilo kwa uwazi namna ile. Per akiimba peke yake anachangamsha, anapiga mluzi, unatikisa kichwa. Lakini zile nyimbo za maumivu alizitunga akijua koo litakalozibeba. Marie anaanza chini, karibu anazungumza, na unapofika wakati wa kupanda hapigi kelele, anafungua tu. Mkusanyiko wao wa 1995 waliuita Don't Bore Us, Get to the Chorus!, yaani msituchoshe, tufikisheni kwenye kiitikio. Ndivyo Per alivyojenga nyimbo, njia fupi hadi kiitikio. Ila njia fupi inataka mtu wa kuifanya isionekane fupi.

Niongeze langu ambalo sikulisema pale dukani. Wale ni Waswidi. Kiingereza kwao ni lugha ya skuli, kama kwetu, na maneno ya Per ni mafupi, ya kila siku. Mimi nilikuwa mwanafunzi ninayehangaika na vitenzi, na nyimbo za Waingereza na Wamarekani nilikuwa naokota neno hapa neno pale. Za Roxette nilizielewa. Zilinipa imani kwamba lugha ile nami ninaiweza. Neno moja tu la ule wimbo wa filamu lilinitatiza, hilo la majira ya baridi. Mimi najua kipupwe, na kipupwe chetu ni shuka moja zaidi. Nilimuuliza kaka, naye hakujua. Baridi ile niliielewa kwa sauti ya Marie, kwamba ni jambo linalomkuta mtu akiwa peke yake ndani ya nyumba.

Si kila kitu chao kimezeeka vizuri. Ngoma za The Look sasa zinasikika kama mtu anagonga kopo, na Per mwenyewe ameeleza kwamba maneno ya beti za mwanzo yaliwekwa ili kuwe na kitu cha kuimbia tu, halafu yakabaki. Kaka yangu anaupenda wimbo huo kuliko wote. Tumegombana kwa ajili yake tangu tukiwa watoto na sitamkubalia leo.

Nirudi kwenye huduma, maana hapa ndipo lilipo lile jambo. Nilifika nyumbani na flashi yangu, nikaitia kwenye kompyuta, nikavaa visikilizio. Kwanza, upande mzima ulikuwa faili moja, ukitaka wimbo wa nne uutafute kwa kubahatisha. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba fundi, kwa nia njema, alikuwa ameisafisha sauti kwa programu ya kuondoa mikwaruzo. Ule mvumo wa kanda haupo tena, kweli, lakini imeondoka na pumzi. Kabla ya kupanda kwenye kiitikio Marie huvuta pumzi, unaisikia, ndiyo inayokuambia jiandae. Kwenye faili langu palikuwa na shimo, kimya cha kitambaa, kisha sauti inatokea tu. Matoazi nayo yamekuwa kama maji yanayochuruzika. Nilikaa nikasikitika sana, kwa sababu kama ni wimbo safi ninaweza kuusikiliza kwenye simu kwa bando la siku. Kanda niliipeleka kwa ajili ya kanda.

Nikarudi kesho yake. Hakubisha. Alikuwa ameihifadhi sauti mbichi kama ilivyotoka kwenye deki, akanisikilizisha zote mbili kwa zamu, na aliposikia ile pumzi akatikisa kichwa akasema, "Kweli, nimemziba." Akanipa faili kubwa lisilobanwa, kama megabaiti 600 kwa saa nzima, pamoja na nyimbo zilizokatwa moja moja kwa ajili ya simu, bila kuongeza bei. Nilisubiri nusu siku kwa sababu ya umeme, si kosa lake. Kwa hiyo mkienda kwa fundi yeyote, mwambieni kabla hajaanza: nataka mbichi kwanza, kusafisha baadaye, na mbichi usiifute.

Jambo jengine alilotaka kunisaidia nililikataa. Wimbo wa mwisho wa upande A ni Listen to Your Heart. Wimbo huu ulikuwa wa kwanza kufika namba moja Marekani bila kuuzwa kwenye sahani ndogo ya santuri; waliununua kwa kanda, kwa hiyo naona uko nyumbani kwake. Lakini kanda ya kaka haikutosha. Mwishoni, pale muziki unapohama na sauti kupanda ngazi kwa ajili ya kiitikio cha mwisho, utepe unakwisha. Tak. Fundi alitaka kuchukua kipande kilichobaki mtandaoni akiunganishe. Nikamwambia aache hivyo hivyo.

Nyimbo nilimtumia kaka Wete kwa WhatsApp. Akanijibu kwa sauti, dakika nne, na nyingi ni za ubishi. Yeye anaona Per alifanya sawa kurudi jukwaani kwa jina la Roxette akiwa na mwimbaji mwengine, Lena Philipsson, kwa kuwa nyimbo ni zake na Marie ameshatangulia tangu Desemba 2019. Mimi siwezi. Yule mwanamke aligunduliwa uvimbe wa ubongo 2002, akarudi akaimba miaka mingi baada ya hapo, mwisho akiwa amekaa kwenye kiti, na onyesho lake la mwisho na Roxette alilifanya Cape Town, Februari 2016, kwenye bara letu hili. Nilimjibu kaka kwamba Per apige nyimbo zote anazotaka, lakini jina angelipumzisha naye. Akasema nina moyo wa kiswidi. Nikamwambia aisikilize ile pumzi kwanza ndipo aseme.

Usiku akatuma sauti nyengine. Hakusema kitu. Alikuwa anaimba Listen to Your Heart, sauti yake imekuwa nzito siku hizi, Kiingereza chake ni kile kile. Akaimba mpaka pale pa kupanda ngazi, akanyamaza.