Kozi ya Kihispania inayofundisha kupitia miji: uzoefu wangu nikiwa Kigoma

Naongoza wageni wanaokwenda Gombe, na Kihispania changu kilikuwa cha salamu, sokwe na nauli ya boti. Nikajiunga na kozi ya chuo kikuu kimoja kwa njia ya mtandao, ngazi ya kati. Nilitegemea mazungumzo ya hotelini na uwanja wa ndege. Kumbe muhula mzima ni maendeleo endelevu ya miji: watu wanasafirije, maji ya mvua yanaelekea wapi, nani anaishi mlimani na kwa nini. Sijawahi kusoma kozi ya lugha iliyonifaa kama hii.

Lililonishika zaidi ni somo la Medellín, Kolombia. Mwaka 2004 mji huo ulizindua Metrocable, vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye nyaya na kupandisha watu hadi mitaa ya milimani, vikiunganishwa na treni ya mjini. Mwaka 2011 zikafuata ngazi za umeme za Comuna 13, eneo la mlimani la mji huohuo. Mkufunzi hakutaka tusifie tu. Alitugawia nafasi za mkazi, mhandisi na diwani, tubishane kwa Kihispania. Mimi nikawa mkazi. Mtu wa Kigoma haelezwi maana ya mteremko: mvua kubwa ikipiga, maji yanashuka na mchanga kuelekea ziwani, korongo linasogelea msingi wa nyumba. Nilikuwa na la kusema, ulimi ukafunguka.

Sarufi nayo ikaja humohumo. Ukipendekeza jambo, Kihispania kinadai kitenzi kibadilike, kama sisi tunavyosema mtaro ujengwe, miti ipandwe. Awali nilikariri majedwali ya vitenzi hivyo na kuyasahau. Safari hii nilivihitaji ili hoja yangu isimame mbele ya diwani.

Somo la Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, lilinipa nafasi ya kuwaeleza wenzangu mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza 2016, kwa kuwa TransMilenio yao ya mwaka 2000 nayo ni mabasi yenye njia yake. La Pontevedra, mji wa Hispania uliopunguza magari katikati yake kuanzia 1999, halikunigusa sana. Huku wengi wetu tunatembea au tunapanda bodaboda.

Kasoro zipo. Hakuna hata mji mmoja wa Afrika kwenye masomo yenyewe, na hilo liliniuma, maana miji yetu ndiyo inayokua kwa kasi. Video ni nzito na zinamaliza bando. Zipakue penye intaneti ya bure.

Kazi ya mwisho ni insha kuhusu mji wako. Niliandika juu ya mitaro ya eneo la Mwanga hapa Kigoma, na mkufunzi akarudisha maswali mengi kuliko masahihisho: nani atazibua mitaro, kwa fedha gani, wakazi waliulizwa?

Anayeanza Kihispania kabisa atazama. Mwenye msingi kidogo, hasa mwalimu wa jiografia au mtumishi wa halmashauri, ajiunge.