Hadubini ya ncha kwa vibanzi vya obsidiani: uzoefu wangu

Nilikodi hadubini ya nguvu za atomu kwa siku mbili katika maabara moja hapa Nairobi. Nilitaka kujua makali ya obsidiani, yaani kioo cha asili cha volkano, huchakaaje. Vibanzi vingi nilivichonga mwenyewe kwa jiwe la Eburru, kule Naivasha, nikakatia nyama, ngozi na matete. Kimoja tu ni cha kale. Nilikipata kwa kibali, na nilikibeba kama yai.

Hicho cha kale ndicho kilichonifanya nichague mashine hii. Hadubini ya elektroni kwa kawaida hukiweka kitu kwenye ombwe, na kioo hupakwa dhahabu kwanza. Hadubini ya ncha ya mwaka 1981, inayosoma kwa mkondo wa umeme, haiwezi kusoma obsidiani, kwa kuwa jiwe hili halipitishi umeme. Hii ya nguvu za atomu, ya 1986, hupapasa tu, hewani: ncha ya silikoni yenye upana wa nanomita 10 hivi hupita juu ya jiwe, na leza husoma jinsi ulimi ulioibeba unavyopinda. Omba ncha iguseguse, isikokotwe. Kwa kitu cha kale sikubali vinginevyo.

Makali yaliyokata nyama yalibaki karibu kama mapya. Yaliyokata matete ndiyo yaliyonishika: pale ambapo hadubini ya kawaida ilionyesha mng'ao tu, niliona mikwaruzo mingi ikienda sambamba na ukingo. Nilikaa nikiitazama muda mrefu.

Usumbufu upo. Eneo linalosomwa kwa mara moja halizidi sana mikromita 100 kila upande, kama unene wa unywele, kwa hiyo tafuta mahali pako mapema kwa hadubini ya kawaida na upapige picha. Mimi sikufanya hivyo, nusu siku ikapotea. Kibanzi kikiwa na mwinuko mkali, ncha huvunjika. Nilivunja mbili, na nilizilipia. Malori ya barabarani yaliweka mawimbi kwenye picha zangu zote za mchana. Fundi alinishauri nirudi jioni, na kweli zikatulia.

Vibanzi vyako visafishe kwa asetoni, maana mafuta ya vidole huonekana kama vilima. Cha kale sikukiosha wala sikukitolea nakala kwa mpira laini wa silikoni wa madaktari wa meno, kwa kuwa mpira huo huweza kuacha masalia. Nilikishika kwa glavu, nikasoma sehemu tatu, nikakirudisha kama nilivyokipokea.