Nairobi–London kwa KQ: kiti kizuri, ila kwenda si sawa na kurudi

Njia ni moja, kilomita zipatazo 6,800, lakini kisheria tiketi ya Kenya Airways (KQ) ya kwenda na ya kurudi ni bidhaa mbili tofauti.

Ndege yenyewe haina ubaya. Ni Boeing 787-8 Dreamliner, daraja la kawaida limepangwa viti 3-3-3, na kutoka JKIA, uwanja wa Nairobi, hadi Heathrow ya London ni saa 9 hivi. Hewa ya ndani huwekwa kama ya mahali penye mwinuko wa futi 6,000 hivi, si 8,000 kama ndege nyingi za zamani. Mkazi wa Nairobi, kwa mapafu yake, ni kama hajatoka nyumbani. Madirisha hayana vifuniko; kitufe cha chini ndicho kinachotia kioo giza, na wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa mpigo.

Sasa ucheleweshaji. Ukitokea London, sheria ya Uingereza inamlinda abiria wa shirika lolote. Ukifika umechelewa saa 3 lakini chini ya 4, fidia ni pauni 260. Zikitimia 4, ni pauni 520, hata kama nauli ilikuwa ya bei ya chini. Muda huhesabiwa mpaka mlango wa ndege ufunguliwe, si magurudumu yagusapo lami, kwa hiyo ukiona mlango umefunguka, piga picha ya saa ya simu. Tiketi ikiwa moja hadi Dar au Entebbe, huhesabiwa saa ya kufika huko. Ukinunua mbili mbalimbali, umeukata mnyororo mwenyewe.

Kusubiri kukifika saa 4 unadai chakula, na hoteli ikibidi kulala. Saa 5, unaweza kughairi safari na kurudishiwa nauli. Haya hutolewa hata kama kosa si la shirika. Fidia ndiyo yenye visingizio. Dhoruba hukubaliwa, hitilafu ya kawaida ya mitambo, hapana. Mgomo hutegemea nani kagoma: wa wafanyakazi wa uwanja, kama ule wa JKIA Septemba 2024, huliokoa shirika, wa marubani wake lenyewe, kama wa KQ Novemba 2022, kwa kawaida hauliokoi.

Dai huanzia kwa shirika, kwa maandishi, ukitaja namba ya ndege na ya tiketi. Wiki 8 zikipita bila jibu la maana, peleka kwa msuluhishi wa malalamiko wa shirika hilo, au kwa CAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, kama halina. Vocha ya chai na sandwichi haifuti fidia. Karatasi ya kukubali vocha badala ya fedha ndiyo ya kuikwepa.

Ukitokea Nairobi, ulinzi huo haumfuati abiria wa KQ. Wa British Airways (BA), shirika la Uingereza, anao, kwa sababu kinachotazamwa ni shirika linalorusha ndege, si lililokuuzia tiketi. Kwa KQ unabaki na Mkataba wa Montreal wa 1999, usio na kiwango cha mkupuo: unathibitisha hasara yako kwa risiti, nalo shirika hupona likionyesha lilifanya yote yaliyowezekana.

Mkataba huohuo unahusu mizigo, pande zote mbili. Jaza fomu kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo, kisha andika dai ndani ya siku 7 kwa begi lililovunjika, au 21 tangu ulipokabidhiwa lililochelewa.

Nauli zikikaribiana na una miadi isiyosubiri London, BA kwa kwenda ina meno zaidi. Kurudi, chukua KQ bila wasiwasi. Ila piga hesabu kwanza, maana tiketi mbili za upande mmoja mara nyingi huzidi bei ya kwenda na kurudi.