Kukodi kinga ya kurse (baiskeli ya mbio) Bukavu mpaka Lwiro: vitesi (gia) sawa, freni sawa, chakula hapana

Watu wananiuliza kila mara kwenye WhatsApp kama wale vijana wa Nguba, hapa Bukavu, wanaokodisha kinga za kurse wako serye ama ni wa kula dola za watu tu, bon, jibu naliandika hapa mara moja nipumzike: wako serye, nenda, ila beba chakula chako. Bei ni dola 25 siku nzima, unapata kinga, kaske ya kichwani, pompa, shambalere (mipira ya ndani) mbili za akiba na kijana mmoja anayeendesha pamoja nanyi akiwa na spana mgongoni. Mkienda wanne kila mtu analipa bei ileile, punguzo hakuna, niliomba mpaka nikachoka.

Sasa niseme kwa nini nawasifu maana si kwa sababu ya rangi wala jina kwenye fremu. Kurse nyingi zinazofika huku kwetu ni okazyo za Ulaya, yaani zilishatumika kule, na zile za zamani mbele ziko na meno 53 na 39, nyuma pinyo (gurudumu la meno) kubwa kabisa inaishia 25. Hiyo ni kinga ya mtu wa tambarare. Ukiwa kwenye 39 na 25, kila ukizungusha pedali mara moja unalazimika kusogea kama mita 3.3, na kwenye kilima cha Kabare utasogea hivyo dakika tano halafu unashuka kusukuma. Hawa vijana wametoa yote hiyo, wameweka mbele 50 na 34, nyuma kuanzia 11 mpaka 34, kwa hiyo ukifika kwenye ile ya mwisho mguu ukizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja tu, mita 2 na kidogo, polepole lakini umekaa, unapumua, unaongea na mwenzako. Magoti yangu yalirudi nyumbani yakiwa yangu. Na mipira wameweka ya milimita 32 kwenye kinga zinazoikubali, sio ile miembamba ya 23 ambayo shimo moja la Mudaka linaimaliza.

Freni njo kitu kilichonifanya niwaamini kabisa. Asubuhi kabla ya kunipa kinga, fundi alipiga magoti, akachomoa pati ya freni ya nyuma, ule mpira unaokamata, akapitisha ukucha kwenye zile mistari zake kuangalia kama bado ziko na kina, ile ya mbele ilikuwa imeliwa upande mmoja, hakusema neno, akatupa kwenye kopo akaweka mpya. Halafu akaniambia, "Yaya, kule kwenye muteremko usikamate freni moja kwa moja mpaka chini, bonyeza, achia, bonyeza, achia, jante ikipata moto shambalere inapasuka." Ni kweli kabisa, freni za mpira zinazokamata jante (ringi ya gurudumu) zinapika jante kwenye mteremko mrefu, hewa ya ndani inapanuka, na sisi hapa miteremko ndiyo tunayo kuliko kitu kingine chochote. Kinga mbili hivi ziko na freni za diski, kama uko na uzito wa heshima kama mimi pigania hizo, piga simu siku moja mbele useme diski ama sikuji.

Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi na msiwabishie juu ya hiyo saa. Ukichelewa kidogo upande wa Brasserie, kiwanda cha bia, unakutana na makamyo, mataksi na moto (pikipiki) zinazopita kushoto na kulia, na kurse haina mahali pa kukimbilia. Ukishapita hapo mji unaachia, ziwa linabaki upande wa kulia, linaonekana linapotea linaonekana tena, barabara inapanda inashuka, migomba, mikaratusi, mihogo, lami nayo inakuja inapotea yenyewe inavyotaka. Usitegemee kupata hata kilomita tatu zilizolala. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata kabla hujapanda popote hewa tayari ni nyepesi, mtu anayetoka Uvira atasikia kifua siku ya kwanza.

Kwenye kilima kimoja kabla ya Miti nilienda sambamba na mzee mmoja aliyekuwa anasukuma kinga yake nyeusi yenye magunia matatu ya makala (mkaa), mimi kwenye kitesi cha mwisho na yeye kwa mguu, mwendo uleule kabisa. Akaniuliza hiyo kinga isiyo na porte-bagage ya kuwekea mizigo inabeba nini. Nikasema inabeba mimi. Akauliza bei, nikamwambia, akasimama katikati ya barabara akacheka, "Unalipa dola 25 juu ya kupanda mulima? Kuya unisukumie hii, nitakulipa mimi." Tuliagana pale juu na kwenye mteremko hakunipita, hiyo angalau.

Miti ni njia panda. Kushoto unapanda Tshivanga, mlango wa Parke ya Kahuzi-Biega, kupitia mashamba ya chai, na pale kurse inaacha kuwa kurse kwa sababu ni udongo, wenye miguu na mipira ya 32 wanaweza kama ni kiangazi, wengine msijisumbue. Mlima Kahuzi uko na mita 3,308 na Biega 2,790, mkiwahi mnauona Kahuzi mzima kabla mawingu hayajaufunika, karibu na saa nne umeisha. Parke ilianzishwa 1970, UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia 1980, halafu tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ngila (gorila) wa pale ni wale wa tambarare ya mashariki wasiopatikana nje ya Kongo. Kuna watu wanafikiri wataenda na kinga, waone ngila, warudi Bukavu kula mchana. Hapana. Ngila ni siku yake, ruhusa yake, na malipo yake.

Sisi tulinyoosha Kavumu mpaka Lwiro, na kwangu Lwiro ndiyo inalipa safari yote. Unaacha barabara kubwa, unatikisika kidogo kwenye udongo, halafu katikati ya vijiji na mashamba ya maharage inatokea majengo makubwa ya Wabelgiji, utafikiri chuo kikuu kimeangukia kwenye migomba. Ni ile taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoanzishwa 1947, leo ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia, iko na maktaba yake, makusanyo ya wanyama na mimea, na watafiti wanaofanya kazi mpaka leo, tena wengi wetu tulikuwa tunaishia uwanja wa ndege wa Kavumu bila kugeuza shingo. Pembeni yake iko kituo cha sokwe, CRPL, cha tangu 2002, kinachopokea sokwe na tumbili walionyang'anywa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Utawasikia kabla ya kuwaona. Kijana wetu alijua nani wa kuuliza mlangoni, kinga zikawekwa kwenye kivuli zikiwa na minyororo, tukazunguka na raba zetu bila haraka. Hapo ndipo unaona faida ya kuwa na mtu wao, peke yako ungepoteza saa nzima kwa maelezo.

Bon, chakula. Kwenye tangazo lao wameandika kaskrut imo ndani ya bei. Kaskrut yenyewe ni pakiti ya biskuti na jus moja ya moto, mtu aliyepanda tangu alfajiri. Nilikasirika kweli, maana pale Kavumu kando ya barabara mama anauza ndizi, avoka kubwa kama kichwa cha mtoto, mayai ya kuchemsha na sambaza za kukaanga zinazotoka mafuta sasa hivi, kwa faranka chache tu unashiba. Wangenunua pale wote tungewabariki. (Na wale wanaoapa kwamba sambaza ni samaki wa mababu wa Kivu, alitolewa Tanganyika akawekwa ziwani 1959, koko yangu alishakuwa mtu mzima samaki huyo alipoletwa.) Kwa hiyo kula vizuri kabla, weka faranka ndogondogo mfukoni, na maji lita mbili, usingoje yao.

Vingine haraka. Fremu ndogo hawana, rafiki yangu mfupi alipanda akiwa ananing'inia, kwa hiyo dada na mafupi wote ulizeni kwanza. Viti ni vigumu, njoo na suruali yako ya kinga au utakaa upande siku mbili. Gadabu za kuzuia matope hakuna, na kuanzia Septemba mvua ikianza utarudi na mstari wa matope mgongoni, Juni mpaka Agosti ndiyo wakati. Bima hakuna, ukivunja unalipa, ila kwenye puncture yangu ya njia ya kurudi hawakunidai kitu, kijana alibadilisha shambalere nikiwa bado natafuta kivuli.

Kuhusu barabara, wao wenyewe wanapiga simu Miti na Kavumu asubuhi ileile kuuliza hali, wakikuambia leo hapana basi ni hapana na hela wanarudisha, nilishuhudia kwa kundi lingine. Malipo ni asubuhi, mkononi. Dola ziwe safi, yenye kupasuka hata kidogo hawapokei, na ile ya zamani yenye kichwa kidogo iache nyumbani.