Mafuta ya mise: nilivyojiunguza na karafuu kwanza

Nasuka nywele Ujiji, kwa hiyo mafuta ya kichwa nimeshika ya kila namna. Mise, yaani mafuta ya kiini cha chikichi, nimekua nayo nyumbani na sikuyajali, mpaka mwaka jana niliponunua kichupa cha mafuta ya karafuu nikajipaka kichwani vilevile, bila kuchanganya na kitu. Niliwaka! Usiku kucha kichwa kinachoma, asubuhi ngozi nyuma ya masikio imevimba. Shangazi aliponiona akauliza, "Mwanangu, pilipili unaitafuna yenyewe bila ugali?" Akanipa nusu lita ya mise.

Wasio wa Kigoma huchanganya mise na mawese. Yote ni ya mchikichi, ila mawese hutoka kwenye nyama ya tunda, ni mekundu, na yakigusa shati jeupe basi tena. Mise hukamuliwa kwenye kiini kilicho ndani ya kokwa. Yana asidi ya lauriki (aina mojawapo ya asidi za mafuta) kwa wingi kama mafuta ya nazi, na kama ya nazi huganda asubuhi za baridi, Juni na Julai. Wateja wangu hudhani yamechakachuliwa. Weka chupa juani kidogo, yanayeyuka.

Kwangu kazi yake kubwa ni kubeba mafuta mengine. Ya karafuu na ya mchaichai ni makali, tena huruka hewani upesi. Mise hayaruki, hupunguza ukali na kuyafikisha ngozini sawasawa. Sasa natia matone 3 tu ya karafuu kwenye mililita 30 za mise, napima kwa sirinji, kisha najaribu kwanza ndani ya kiwiko na kungoja siku nzima. Tangu hapo sijaungua hata mara moja. Ukavu wa ngozi ya kichwa umepungua, na nikifumua nywele hazikatiki kama zamani.

Chagueni vizuri sokoni. Yanayotengenezwa kwa kukaanga viini huwa meusimeusi na yana harufu ya moshi inayomeza mchaichai wote. Ya kuchanganyia nachukua yale meupe ya kukamuliwa kwa mashine. Na nusa kabla ya kulipa, yaliyochacha hujitambulisha yenyewe.

Usoni sipaki tena, wiki mbili tu chunusi zilinijaa kidevuni. Visigino vilivyopasuka ndivyo vinavyoyapenda: nayapaka matupu usiku, navaa soksi, nalala.